Hotuba ya Mwenyekiti: Biashara yetu ya picha na mfuko wa watoto

 

 Mwaka 2015 tulipokaa chini ya mwembe, kina mama 30 na kisanduku kimoja chenye kufuli tatu, wapo waliosema hatutamaliza mwaka. Hatuwataji majina, maana wengine wamo humu humu ndani na pilau watapata kama watu wengine.

Habari za hisa, mikopo na marejesho ameziandika Mweka Hazina kwenye kurasa zake za kitabu hiki, msome wenyewe. Sisi tumeombwa tuseme juu ya jambo moja ambalo watu wanatuuliza kila mara, nalo ni hii biashara yetu ya picha. Wanauliza, kikundi cha kuweka na kukopa kimeingiaje kwenye kuuza michoro? Fedha yake inakwenda wapi? Na kwa nini tulimkatalia yule mgeni aliyetaka kununua nyingi? Basi leo tutasema yote.

Chanzo ni ziwa. Sisi watu wa Mwanza ziwa linatulisha na ziwa hilo hilo linatuliza. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakapotea, na makaburi ya pale Igoma tunayapita kila tukienda Kisesa. Halafu tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Hizo ni ajali ambazo nchi nzima ililia. Lakini jamani, kuna msiba mwingine ambao redio haiutangazi. Kijana anatoka jioni na wenzake kuvua dagaa, mtumbwi na taa, usiku upepo unageuka, asubuhi mke anasimama mwaloni anahesabu mitumbwi inayorudi. Kati yetu wanachama wapo waliosimama hivyo.

Kila kikundi cha namna yetu kina mfuko wa jamii, ile fedha ndogo tunayotoa kila kikao kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Baada ya ajali ya 2018 mfuko wetu ulikauka. Mwezi wa Januari watoto waliofiwa na baba walitakiwa kwenda shule. Ni kweli ada Serikali iliifuta tangu 2016, na tunaishukuru. Lakini mtoto haendi shule amevaa barua ya kufutiwa ada. Anahitaji shati, sketi au kaptula, viatu, madaftari. Tukaulizana, tupandishe mchango wa kila mwanachama? Wengi walisema hapana, na walikuwa na haki, maana mwenye kuuza mihogo ya kukaanga ukimwongezea shilingi mia tano kila wiki unamtoa kwenye kikundi.

Wakati ule tulikuwa tumemwita kijana mmoja wa Igogo atuandikie bango la kikundi. Ni mchora mabango, anayeandika majina ya saluni na maduka. Yeye mwenyewe ameomba tusimtaje jukwaani, jina lake mtaliona kwenye kila picha. Alipokuwa akingoja rangi ikauke alitutolea picha aliyokuwa ameichora kwa ajili yake mwenyewe, kina mama wa Igombe wanaanua dagaa mbio mbio na wingu jeusi linakuja kutoka ziwani. Tulicheka, kwa sababu yule mama wa mbele aliyefunga kanga kiunoni tunamjua! Mtu mmoja akataka kuinunua pale pale. Ndipo mwenzetu mmoja muuza kuku akasema maneno ambayo yametuongoza hadi leo. Alisema, ukiuza picha yenyewe umeuza kuku, kesho huna kitu. Tukiichapa kopi tutauza mayai, na kuku atabaki.

Hivyo mwaka 2019 tulianza kuchapa.

Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wengine hapo hawakufika. Kwa hiyo tulitafuta kujua wenzetu waliotangulia walifanyaje. Mwalimu mmoja mstaafu alitusaidia sana, na mambo aliyotusomea tunayaeleza hapa kwa kuwa yatafaa na vikundi vingine.

Kadi za UNICEF nyote mnazijua, zile za Krismasi na mwaka mpya ambazo zamani zilikuwa zinaonekana maofisini. Ile ya kwanza ilitoka mwaka 1949. Aliyeichora ni mtoto wa kike wa miaka saba huko Chekoslovakia, anaitwa Jitka Samková. Kijiji chao kilikuwa kimesaidiwa na UNICEF baada ya vita, naye akachora wasichana wakicheza ngoma kuzunguka mti uliopambwa, kama shukrani. Karatasi haikuwepo, akachora kwenye kipande cha kioo. Mwalimu wake akaituma. Kutokana na hicho kioo ikaja kadi, na kadi za namna hiyo zikauzwa dunia nzima kwa miaka mingi kuwasaidia watoto. Angalieni jambo moja hapo: yule mtoto hakuchora njaa. Alichora ngoma.

Tena wapo wachoraji wasio na mikono, au ambao mikono yao haifanyi kazi, wanaoshika brashi kwa mdomo au kwa vidole vya mguu. Mjerumani mmoja, Erich Stegmann, mikono yake ilipooza kwa polio akiwa mtoto mdogo, na miaka ya hamsini alianzisha chama cha wachoraji kama yeye, makao yake Liechtenstein. Wanachapa kadi na kalenda, wanauza, na mapato yanawalisha wenyewe. Hawataki kuitwa watu wa msaada. Wanasema sisi tunafanya kazi, nunua kwa sababu picha ni nzuri. Maneno haya yaliwachoma baadhi yetu, kwa sababu mwanzoni tulikuwa tunakwenda kuuza tukianza na msiba, picha tunaitoa mwisho.

Hapa kwetu Tanzania mnawajua akina Tingatinga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 au karibu na hapo, rangi ya kupaka baiskeli juu ya ubao laini wa dari, akawa anauza pale Oysterbay nje ya Morogoro Stores. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka michache tu, lakini alikuwa amewafundisha ndugu zake, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo picha zenye jina lake zimejaa kwenye vikombe, fulana na kadi, hata katika nchi ambazo yeye hakuzikanyaga. Mwalimu alituuliza swali, je, kila anayechapa yale matwiga anampa kitu mchoraji? Tulinyamaza.

Na palikuwa na Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll. Pale vijana walifundishwa batiki, kuchonga, na pia kuchapa picha kutoka kwenye bamba la chuma lililochorwa, unapaka wino, unafuta, unakandamiza karatasi. George Lilanga, ambaye picha zake zimefika nchi nyingi, aliingia pale kama mlinzi wa usiku! Jengo lenyewe halipo tena, lakini waliofundishwa pale wamefundisha wengine. Kina mama, mkiona kijana anakaa getini na kalamu mkononi msimfukuze haraka.

Na hapa hapa mjini tulikuwa na Kuleana, kituo cha haki za watoto kilichoanza miaka ya tisini, chenye mgahawa wa piza. Watu walikula wakijua kuwa sehemu ya fedha inawasaidia watoto wa mitaani. Lakini tusidanganyane, watu walirudi kwa sababu piza ilikuwa tamu. Ingekuwa mbichi wangetoa sadaka mara moja na wasingerudi.

Baada ya kusikia hayo tuliweka utaratibu, nao ni huu. Picha kubwa ya ukutani tunaiuza shilingi 10,000. Katika hiyo, 3,000 ni ya kuchapa na bahasha, 3,000 ni ya mchoraji, 1,000 ni ya mama aliyekwenda kuuza, maana ametumia nauli na muda wake, na 3,000 inaingia kwenye mfuko wa watoto. Mgawanyo huu umeandikwa nyuma ya kila picha kwa Kiswahili, hatufichi. Mchoraji analipwa siku ile ile ya kikao, kabla ya mfuko.

Hapo palikuwa na maneno mengi. Wapo waliosema, hii ni sadaka, kwa nini naye asitoe? Tuliwajibu, anayetaka kutoa sadaka afungue kibindo chake, asifungue cha mwenzake. Yule kijana ana mke na watoto wawili na rangi inanunuliwa dukani. Mara mbili amerudisha fungu lake lote kwa watoto, kwa hiari yake, na tumeliandika kwenye daftari kama tunavyoandika la mfadhili yeyote. Lakini hatukumwomba, na hatutamwomba.

Sasa tuseme juu ya mchapaji. Kiwanda kimoja cha uchapaji, jina lake tunaliacha, kilituchapia kopi 200. Zilipokuja ziwa lilikuwa kijani kama mlenda na dagaa wamekuwa njano. Tulipolalamika tuliambiwa ndivyo mashine ilivyotoa. Siku hizi hatulipi fedha yote mpaka tumeletewa kopi moja ya kuonja rangi, tumeiweka juani kando ya picha yenyewe, na mchoraji ametia sahihi nyuma. Kikundi chochote kinachotaka kuingia kwenye kazi hii kianze na hilo.

Lakini rangi ni jambo dogo. Miezi michache baadaye mwenzetu alikuwa stendi anangoja gari la Magu, akaona kalenda ukutani kwenye kibanda. Kina mama wetu wa Igombe na wingu lao! Jina la mchoraji limekatwa. Muuzaji hakuwa na kosa, naye alinunua kwa jumla. Mchoraji alipoambiwa alikaa chini kwenye ngazi, hakusema kitu. Tulikwenda pale kiwandani kina mama saba, tukaongea kwa adabu, tukajibiwa kwamba picha ya watu wanaoanua dagaa haina mwenyewe, kila mtu anaanua dagaa. Fedha hatukuipata mpaka leo.

Jambo hilo ndilo lililotufundisha kwamba ipo sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na chombo chake ni COSOTA. Mwenye picha ni aliyeichora, hata kama ameuza ule ubao wenyewe, mpaka aandike kwamba amekupa ruhusa ya kuchapa. Kwa hiyo sasa tunayo karatasi ya makubaliano, ukurasa mmoja, inayosema ni picha gani, kopi ngapi, kwa muda gani, na fungu lake ni lipi. Na kila picha tunachapa kopi 100 tu. Mchoraji anaandika kwa penseli chini, 1/100, 2/100, mpaka mwisho, na jina lake. Zikiisha zimeisha. Mnunuzi anajua kuwa anachoning'iniza sebuleni hakipo kila kibanda, na sisi tunajua kopi isiyo na penseli si yetu.

Sasa tufike kwa yule mgeni. Alikuja na moyo mzuri, tunataka ieleweke hivyo. Alizipenda picha, akasema anaweza kuagiza nyingi sana kupeleka kwao, ila aliona zina furaha mno. Alitaka tubandike na picha ya mtoto mmoja mmoja anayesaidiwa, uso wake, jina lake, na maelezo jinsi baba yake alivyokufa. Alisema kwao watu wanatoa zaidi wakimwona mtoto. Labda ni kweli. Tuliitisha kikao, na kikao kile kilianza saa tisa kikaisha giza limeingia.

Waliotaka tukubali hawakuwa na tamaa. Walipiga hesabu, walisema oda ile moja ingevalisha watoto wote wa mtaa na akiba ingebaki. Walisema njaa haina aibu. Halafu akasimama mama mmoja, ambaye mume wake ziwa halikumrudisha hata mwili. Watoto wake wawili wako kwenye orodha. Alisema hivi: Mwanangu anakaa dawati moja na watoto wenu. Leo anavaa sare kama yao, hakuna anayejua imetoka wapi. Mkimbandika kwenye karatasi, akija kuwa mtu mzima atakuwa bado ni yule mtoto wa marehemu aliyeuzwa na picha. Mimi nipeni mkopo nishone mwenyewe.

Tulipiga kura, 17 kwa 11. Wawili hawakuwepo. Tukamwandikia yule mgeni barua ya kushukuru na kukataa.

Hatutawaficha kilichofuata. Oda ilipotea. Muda si mrefu ugonjwa wa korona ukaingia, mwaka 2020, wageni wakakatika kabisa. Tulikuwa tumepanga watoto 20, tukashonea 11. Wale tisa tuliwajua kwa sura na majina, tuliwapita njiani kila siku. Wapo kati yetu, na wamekaa hapa mbele, ambao mpaka leo wanasema kura ile ilikuwa ghali. Tunawaheshimu. Wamebaki kwenye kikundi, na mmoja wao ndiye anayeuza picha nyingi kuliko sisi wote.

Kilichotuinua ni watu wa hapa hapa. Tulikuwa tunafikiri picha ni kitu cha Wazungu, tunazibeba kwenda hotelini na kule kwenye boti za Saanane. Wageni walipokosekana, mwenzetu mmoja akampelekea bibi harusi picha ya ngoma ya Bugobogobo, wachezaji na majembe yao, imetiwa fremu. Ukumbi mzima ukataka kujua imenunuliwa wapi. Tangu hapo harusi, mahafali na kuaga wastaafu ndizo soko letu. Kadi ndogo hazitoki tena kama tulivyotegemea, maana salamu za Krismasi na Idi zimehamia kwenye simu. Lakini ukuta hauhamii kwenye simu. Fundi wa fremu tumempata, fremu za mninga, naye anatupunguzia bei.

Mwaka huu Januari mfuko umevalisha watoto 26. Wale tisa wamo wote, isipokuwa mmoja ambaye familia yake ilihamia Geita. Tumemtafuta hatujampata.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, tusaidiwe kupata meza kwenye maonyesho ya Nane Nane kule Nyamhongolo, meza yetu wenyewe, si pembeni ya banda la mtu. La pili, ofisi za mtaa na kata zina kuta tupu au zina kalenda za mwaka juzi. Tunaomba kila ofisi inunue picha moja kwa bei ile ile ya kila mtu. Hatuombi zaidi ya bei.

Wanachama wenzetu, yupo binti mmoja wa kidato cha pili ambaye naye ameanza kuchora. Ameleta picha ya kivuko cha Kamanga alfajiri, na Kamati imeshaiona. Mama yake yuko kwenye orodha ya mfuko, lakini kwenye karatasi ya makubaliano binti ameandikwa mchoraji, na fungu lake ni 3,000 kama la yule kijana wa Igogo. Kopi zake mia moja ziko kwenye meza pale karibu na mlango, tumezitoa kiwandani jana jioni. Namba 1/100 tumemwekea mama yake. Nyingine zote zinauzwa, na katibu ana chenji.